Nyumba za matajiri wa zamani Washington: nizunguke wapi kwa miguu?

MtembeziMoshi

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Niko Moshi, kazi yangu ni kutembeza wageni, sio mlimani, ni hapahapa mjini na kwenye mashamba ya kahawa. Mwezi wa tano panapo majaliwa naenda Washington kwenye mahafali ya mdogo wangu, na katikati ya mambo ya familia nimeomba mchana mmoja niwe mwenyewe. Sitaki mchana huo uishie kwenye uzio wa Ikulu yao napiga picha. Nataka nitembee kwa miguu kwenye zile nyumba za matajiri wao wa zamani, wale waliopata pesa za kufuru baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, pesa za migodi, reli, maduka makubwa, kuanzia miaka ya 1870 huko mpaka karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Naomba mnielekeze nianzie mtaa gani, ipi inaingilika ndani bila kujuana na mtu, na hili ndo kubwa kwangu, wanaoongoza mizunguko ya kule wanalielezaje jengo mpaka mgeni asichoke. Manake hapa namsimamisha mgeni mbele ya stesheni ya Moshi, namwambia reli ilifika 1911 ikitokea Tanga enzi za Mjerumani, anaitikia kwa kichwa, anapiga picha moja, macho yashahamia kwa mama muuza ndizi. Jengo zuri, historia ipo, nataka nijue wenzetu wanaingilia wapi.

DadaNgarenaro

Karibu sana kaka, hapo umenigusa. Mi wa Arusha ila nimekaa Washington, nilikuwa nalea watoto wa familia moja karibu na Dupont Circle, kwaiyo hizo nyumba nimezipita na kigari cha mtoto mpaka nazijua rangi zake jua likiwa asubuhi na likiwa jioni. Wala usihangaike na basi la watalii. Panda treni ya chini ile laini nyekundu, shuka Dupont Circle, karibu kila unachokitaka kiko hapo. Ukitembea bila kuingia popote ni kama masaa mawili, ukiingia ndani ndo mchana wote unaisha na hautajuta.

Toka kwa mlango wa kusini uanze na nyumba ya Christian Heurich, New Hampshire Avenue namba 1307. Huyu alikuwa Mjerumani, alihamia Marekani akiwa kijana, akawa mtengeneza bia mkubwa kuliko wote mjini. Viwanda vyake viliwahi kuungua, moto ukamkaa moyoni, kwaiyo alipojenga nyumba yake kati ya 1892 na 1894 akasema sitaki kuungua tena, akamwaga zege na chuma wakati majirani zake wako kwenye matofali na mbao. Angalia juu ya mnara utaona kuna mjusi, ni yule salamanda ambaye Wazungu wa zamani waliamini moto haumuunguzi. Ndani kuna mameko ya kuotea moto yamechongwa kwa mkono, moja halifanani na jingine, na inasemekana hayajawahi kuwashwa hata siku moja. Chini kuna chumba cha kunywea bia kimeandikwa methali za Kijerumani ukutani. Mzee mwenyewe aliishi mpaka 1945 akafa na miaka 102. Hiyo nyumba sasa ni makumbusho, inaingilika, ila weka nafasi mapema kwenye mtandao wao.

Ukitoka hapo panda mpaka kwenye mzunguko wenyewe wa Dupont. Katikati kuna chemchemi ya marumaru ya 1921, imebebwa na sanamu tatu, bahari, nyota na upepo, aliyezichonga ni Daniel Chester French, huyohuyo aliyechonga Lincoln mkubwa yule aliyekaa kwenye kiti. Kaa hapo upumzike, kuna wazee wanacheza chesi kwenye meza za mawe hawajali nani anapita. Geuka uangalie jumba jeupe namba 15, la familia ya Patterson wa gazeti la Chicago Tribune, limechorwa na Stanford White na likakamilika 1903. Mwaka 1927 Ikulu ilipokuwa inatengenezwa paa, Rais Coolidge na mkewe walihamia humo, na rubani Lindbergh aliporudi kutoka kuvuka Atlantiki peke yake alilala hapo akatokea kwenye baraza la juu watu wamejaa barabara nzima wanamshangilia. Sa hivi wamelikata ndani likawa vyumba vidogo vya kupanga.

Af shika Massachusetts Avenue uelekee kaskazini magharibi, hapo ndo penyewe. Namba 2000 ni la matofali mekundu, la mwanasiasa James Blaine, limesimama toka 1882, ni kati ya machache ya mwanzo kabisa yaliyobaki eneo hilo. Namba 2020 ni la Thomas Walsh, nitalirudia. Namba 2118 ni Anderson House, la 1905, na hilo KUINGIA NI BURE kaka, bure kabisa, angalia tu siku wanazofungua. Mwenyewe Larz Anderson alikuwa mwanadiplomasia, mpaka ubalozi wa Japani alishika, lakini pesa nyingi zilikuwa za mkewe Isabel, aliyerithi kwa babu yake mwenye meli. Yani jumba lote lile, lina ukumbi wa dansi wa kwenda juu ghorofa mbili na nguzo za marumaru zilizosokotwa, walikuwa wanakuja kukaa msimu wa baridi tu, wakati Bunge liko mjini na karamu ziko motomoto, msimu mwingine wako kwao Massachusetts au wanasafiri.

Sasa swali lako la namna ya kueleza. Pale mbele ya nyumba ya Walsh nilikuwa nakuta mama mmoja mtu mzima anaongoza makundi, mtoto wangu wa kulea akilala nasimama nasikiliza. Hakuwa anaanza na mwaka. Swali lake la kwanza kwa kundi lilikuwa pesa ya hii nyumba ilitoka wapi. Watu wanabahatisha, yeye anawaacha wabahatishe, ndipo anawaambia, Walsh alikuwa fundi seremala kutoka Ireland, akaja Colorado, akapata dhahabu kwenye mgodi wa Camp Bird, akaja hapa akajenga kwa dola 835,000 za 1903. Af anawauliza na leo nani anakaa? Ni ubalozi wa Indonesia, waliinunua 1951 kwa dola 335,000. Hapo watu wanaguna. Jumba limeuzwa chini ya nusu ya bei ya kulijenga na miaka karibu hamsini imepita! Kuanzia hapo hata ukimwambia habari ya madirisha anasikiliza kwa sababu anataka kujua ilikuwaje.

Mbele ya hilo jumba kuna sanamu refu jeupe la Saraswati, mungu wa elimu wa Kihindu, na watoto wanasoma miguuni pake. Simama hapo, ni mahali pazuri pa kumaliza Massachusetts kabla hujaanza kuchoka.

FundiSanifu_A

Dada umemaliza kila kitu, mi naongeza upande wa majengo manake ndo kazi yangu (niko Arusha, nachora ramani za nyumba).

Mkuu ukifika kule usiangalie nyumba peke yake, angalia na kiwanja. Washington ilipangwa na Mfaransa L'Enfant mwaka 1791, akachora mitaa ya miraba halafu akaikata na barabara pana za mshazari. Zinapokatana vinabaki viwanja vya pembe tatu na vya ajabu ajabu. Lile la Patterson utaona limefunguka mabawa mawili kuukabili mzunguko, kiwanja ndo kimeamua hivyo. Heurich naye kona yake imempa ule mnara. Ukimwonyesha mgeni kwamba umbo la nyumba limetoka barabarani, anaanza kuziangalia mwenyewe bila kuambiwa.

Na kwa nini matajiri walikimbilia hapo? Baada ya vita vyao mji ulikuwa matope matupu, hata mabomba ya maji machafu ni shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akatokea Alexander Shepherd, akaweka lami, mifereji, taa, akapanda miti kwa maelfu, akaliingiza jiji kwenye deni kubwa mpaka Bunge likalinyang'anya mji utawala wake. Deni lilikuwa la kweli na kazi ilikuwa ya kweli. Barabara zilipokaa sawa ndo waliopata pesa zao Colorado na Chicago wakaja kununua viwanja, kwa sababu New York familia kongwe zilikuwa zinawabania, Washington serikali inabadilika kila mara na ukiwa na ukumbi mkubwa na chakula kizuri waziri anakuja kwako.

Kwa mtindo, nyingi zimechorwa na Wamarekani waliosomea Paris, kwenye shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts. Ng'ambo ya barabara kutoka Anderson House kuna namba 2121, sa hivi ni Cosmos Club, imechorwa na Carrère na Hastings ambao wote wawili walipita Paris, sura ya mbele utadhani umefika Versailles, lile kasri la wafalme wa Ufaransa. Pesa ya wenyewe akina Townsend ilikuwa ya makaa ya mawe na reli.

Kingine usikikose ni Cairo, Q Street namba 1615, mashariki ya mzunguko, dakika chache tu. Ni jengo la ghorofa 12 la 1894, urefu futi 164, kama mita 50 hivi, alijenga Thomas Schneider. Majirani walikasirika wakasema litatuangukia, na moto ukiwaka ngazi za zimamoto hazifiki, ikatungwa sheria ya urefu mwaka 1899 na nyingine 1910, kwamba jengo lisizidi upana wa barabara iliyo mbele yake kwa zaidi ya futi 20. Ndo maana mpaka leo katikati ya Washington huoni maghorofa ya kutoboa mawingu. Jengo moja la mtu mmoja limeamua sura ya mji mzima.

Zama zenyewe ziliisha hivi, kodi ya mapato ya shirikisho ikaja 1913, vita vikafuata, af uchumi ukaanguka 1929. Nyumba ya vyumba hamsini bila watumishi haikaliki. Zilizopona ni zile zilizopata mtumiaji mpya, ubalozi, klabu, ofisi, makumbusho. Ambazo hazikupata zikabomolewa. Tajiri Levi Leiter, mshirika wa Marshall Field kwenye maduka ya Chicago, alikuwa na jumba lake palepale Dupont, binti yake Mary akaolewa na Lord Curzon aliyekuja kuwa mtawala wa India, basi jumba hilo lilivunjwa 1947 ikajengwa hoteli. Ukisimama kwenye chemchemi unaweza kuonyesha lilipokuwa.

MwalimuMstaafu

Vijana wangu, nimewasoma kwa furaha. Marahaba MtembeziMoshi.

Nina neno moja zito kidogo. Mzunguko wa nyumba za matajiri peke yake utakupa nusu ya mji. Miaka hiyohiyo Washington ilikuwa na watu weusi wengi sana, wengine wametoka utumwani juzi, na wao pia walikuwa wanajenga maisha. Kaskazini mashariki ya hapo unapozunguka kuna mtaa unaitwa LeDroit Park, ulianzishwa 1873, nyumba nzuri za mbao na matofali zenye vibaraza na nakshi, zilichorwa na James McGill. Ulizungushiwa uzio, weusi hawaruhusiwi kukaa. Watu weusi wa pembeni, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, wakauvunja ule uzio mwaka 1888. Baadaye mtaa huohuo ukawa wa wasomi weusi, Mary Church Terrell na mumewe Robert, aliyekuja kuwa hakimu, waliishi pale. Nenda ukatembee uone ulipokuwa uzio.

Na ukivuka mto Anacostia kuna Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass, yule mpigania kukomeshwa kwa utumwa. Mtu aliyezaliwa mtumwa, akanunua nyumba juu ya kilima mwaka 1877 inayotazama jengo la Bunge upande wa pili wa mto, akaishi humo mpaka alipofariki 1895. Hiyo nayo ni nyumba ya zama hizohizo. Mimi kama ningekuwa naongoza kundi la Watanzania, ningeanzia hapo.

Halafu kuhusu huyo Walsh, msiishie Colorado. Alifahamiana na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, huyuhuyu aliyeifanya Kongo mali yake, wakawa na mazungumzo ya mambo ya migodi ya kule, na familia yake ilisimulia kwamba juu kabisa ya nyumba palitengwa vyumba kwa ajili ya mfalme huyo akija. Sisi watu wa pande hizi hatuwezi kupita mbele ya mlango ule tukazungumzia marumaru tu. Swali la yule mama, pesa ilitoka wapi, ni zuri, ila mtu aulize mpaka mwisho, na jasho lilikuwa la nani.

DadaNgarenaro

Shikamoo mwalimu. Hilo la Leopold mi nililisikia juujuu tu, umeliweka mahali pake, asante.

MtembeziMoshi, mahafali ni chuo gani? Kama ni Howard basi LeDroit Park iko jirani kabisa na geti, huna haja ya kutafuta siku nyingine. Cedar Hill ni mbali kidogo na wanaingiza watu kwa zamu, weka nafasi.

Na kwa kuwa unaenda mwezi wa tano, uliza ratiba ya siku za balozi kufungua milango. Kila mwaka mwezi huo kuna Jumamosi balozi nyingi zinaruhusu watu kuingia, chakula, ngoma, maonyesho, foleni ndefu. Siku nyingine zote ubalozi huingii kama huna shughuli. Ikiangukia wiki yako wahi foleni ya Indonesia asubuhi, ndani kuna ngazi kubwa ya mbao inapanda katikati inagawanyika, wamekopi za kwenye meli za abiria za enzi hizo, juu kuna paa la vioo vya rangi. Nilipoingia nilishika ile mbao ya mkono, laini kwa mikono ya watu wa miaka mia, sikutaka kuiachia. Vaa viatu vya kutembelea tafadhali, hizo njia za miguu za matofali zimenyanyuliwa na mizizi ya miti, unaangalia juu unajikwaa chini.

MtembeziMoshi

Ni Howard kweli dada! Na mwalimu shikamoo, nashukuru sana. Basi nimeshapanga, siku ya mahafali yenyewe LeDroit Park na familia yote, mchana wangu Heurich, chemchemi, Massachusetts mpaka Anderson House, nikirudi napitia Cairo. Cedar Hill nitaenda na mama, yeye atapenda kuliko mimi.

Sasa mmenifungua kitu. Hapa Moshi naanza kufikiria KNCU. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kimesajiliwa 1933, ule ujenzi wote wa katikati ya mji, maduka ya Wahindi, maghala, ukiuliza pesa ilitoka wapi jibu ni kahawa iliyobebwa kichwani na akina mama kutoka Kibosho, Machame, Marangu. Mi nilikuwa nayaeleza majengo upande mmoja na kahawa siku nyingine kwenye shamba, kumbe ni hadithi moja. Naweza kuanzia shambani nikamalizia mjini. FundiSanifu, wewe unaonaje na Arusha mnafanyaje?

FundiSanifu_A

Hapo umepiga penyewe mkuu, anza hivyo. Mgeni ameshachuma kahawa kwa mkono wake asubuhi, jioni unamweka mbele ya ghala na reli, hahitaji kuelezwa sana.

Arusha tuna Boma la Mjerumani la mwaka 1900, limepona kwa sababu ileile ya kule Massachusetts Avenue, lilipata kazi mpya, toka 1987 ni Makumbusho ya Taifa ya viumbe. Reli huku ilifika nyuma sana, mwisho wa miaka ya 1920, kwaiyo mji wetu wa zamani ni mdogo kuliko wenu. Wasiwasi wangu ni fremu za Wahindi za katikati ya mji, zile ambazo mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa simenti juu ya paa la mbele, na baraza lenye nguzo watu wanajikinga mvua. Zinashuka moja moja, yanapanda maghorofa ya vioo. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, na mwaka huo Arusha na Moshi hazikuwa na hata ukuta mmoja wa aina hii. Jengo la baadaye halilindwi mpaka waziri alitangaze. Washington wana sheria yao ya 1978, jengo likiingizwa kwenye orodha mwenyewe hawezi kuvunja bila kupita kwenye bodi. Waliitunga wameshapoteza mengi, akina Leiter hao.

Kwaiyo hata sisi tusisubiri. Kila jengo unalopita na wageni piga picha ya mbele, ya pembeni, ya mlango na ya ule mwaka uliochorwa juu. Muulize mwenye duka babu yake alinunua kwa nani, andika. Siku mtu akitaka kulipeleka kwa waziri, hayo ndo makaratasi yatakayotakiwa. Mi niko tayari kuchora ramani za hayo ya Moshi nikija, sihitaji malipo, nitafutie tu mwenye jengo atakayetufungulia mlango.

MtembeziMoshi

Njoo mkuu, wawili nawafahamu hawana shida kabisa, mmoja ana mpaka risiti za babu yake za miaka ya hamsini kwenye boksi. Nikirudi tu tunapanga. Na wengine wote mnaosoma hapa, kama nyumbani kuna albamu ya mzee yenye picha za stesheni, Double Road au maghala ya kahawa ya zamani, naombeni mpige picha mziweke hapahapa, hata kama imefifia, mradi nyuma imeandikwa mwaka.